Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni wa Heshima

Mgeni wetu wa heshima, mwalimu mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, hamjambo nyote? Karibu sana Kisumu enjinia, na pole kwa hili jua.

Tumepewa dakika chache so hatutazunguka. Tulipoambiwa mgeni ni mtu wa kompyuta tukasema lazima tumwambie juu ya Tan Le. Huyu mama alizaliwa Vietnam mwaka 1977, akiwa na miaka 4 wakatoroka kwa mashua na mamake, dadake na nyanyake, wakafika Australia bila kitu, mamake akaanza na vibarua vya shamba halafu kiwanda cha magari. Yeye akaingia chuo na miaka 16, akasomea sheria na biashara, si uenjinia hata kidogo, na bado ni yeye na wenzake walianzisha Emotiv, kampuni ya kofia za kusoma umeme wa ubongo. Ile yao ya EPOC ilitoka 2009 ikiwa na sensa 14, yaani vidude vya kunasa huo umeme, unalowesha vile vipande vyake laini na maji ya chumvi unavaa, hakuna kupasuliwa kichwa. Mwaka 2010 alimvalisha mtu jukwaani, jamaa akawaza kuvuta, na kiboksi kwenye skrini kikasonga. Hiyo video tumeirudia kwa simu ya mwalimu mpaka bando ikaisha.

Mwenzetu mmoja alitoka nje akalia. Kakake alianguka na boda akaumia shingo, tangu hapo mikono haimwitikii, uji ananyweshwa na hata redio mpaka aite mtu amwashie. Alituuliza kama hiyo kofia ingewasha redio. Tulimwambia ukweli, kwamba umeme unaofika juu ya ngozi ni hafifu sana, ukitafuna tu au ukikunja uso unavurugika, so haisomi mawazo kama gazeti. Lakini kuwasha na kuzima kitu, hiyo inawezekana kabisa.

Halafu kuna mambo ya nywele. Sensa inataka kugusa ngozi na hizi nywele zetu nzito zinaizuia. Kule Marekani, Arnelle Etienne akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Carnegie Mellon alibuni elektrodi, hizo hizo sensa, za kubanwa katikati ya mistari ya nywele, yaani unasukwa kwanza ndio unapimwa. Jamani, kusuka! Hapa kila bweni lina fundi wake, Jumapili mchana utawaona wamepangana kwa ngazi na vitana. Mbona majaribio kama hayo yasifanyiwe hapa, kwa vichwa vyetu?

Mgeni wetu, tunaomba kofia moja, hata kama imetumika, na laptopu ya kuiendesha. Kama ni ghali basi tupatie siku moja tu ofisini kwako tuje na huyu mwenzetu na kakake. Basi ya shule ina ngazi ndefu lakini kiti cha magurudumu cha huyo kaka tutakibeba sisi wenyewe.

Asante.