Aliyeungua aulizwe vizuri kabla ya kusemwa ameridhika

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu matangazo ya kutibu makovu ya moto kwa leza, ambayo hapa Nairobi huambatana na picha mbili, ya kabla na ya baada, pamoja na ahadi kwamba wagonjwa huondoka wameridhika.

Niliungua shingo na mkono wa kulia stovu ya mafuta ya taa iliporipuka, na nimetibiwa kwa leza mara nne katika kliniki moja ya kibinafsi. Kila nilipomaliza, ngozi ikiwa ingali imevimba na ganzi haijaisha, nilipewa karatasi yenye swali moja: umeridhika na huduma? Nilitia alama penye ndiyo, kwa sababu muuguzi alikuwa mpole na alikuwa amesimama pale pale akingoja kalamu yake.

Leza ya kaboni dayoksaidi, ambayo hutumiwa sana kwa makovu mazito yaliyokakamaa, hutoboa vitundu vidogo mno kwenye kovu ili mwili upange upya nyuzi za kolajeni, yaani protini inayoipa ngozi uimara, zilizosongamana, na kazi hiyo huendelea kwa wiki nyingi, hata miezi. Kumuuliza mgonjwa siku ile ile ni kuonja ugali maji yakiwa bado kuchemka.

Lililonifurahisha mimi halionekani kwenye picha. Mwasho uliokuwa ukiniamsha usiku nikajikuna hadi damu umepungua sana, na sasa naweza kugeuza shingo nikatazama magari kabla ya kuvuka Barabara ya Jogoo bila kuzungusha mwili mzima kama mtu aliyebeba mtungi. Rangi ni habari nyingine. Sehemu moja ya mkono iliiva weusi zaidi kwa miezi kadhaa, jambo linalojulikana kuwapata watu wenye ngozi nyeusi baada ya leza, na ambalo daktari mwangalifu hulipunguza kwa kupima nguvu ya miale na kumhimiza mgonjwa ajikinge na jua. Mimi sikuelezwa mapema, na kwa wiki kadhaa niliamini nimeharibiwa. Je, niandikwe nimeridhika au sikuridhika?

Vipimo bora vya kovu vipo. Kipimo cha Vancouver cha mwaka 1990 hujazwa na mtaalamu peke yake, anayetazama rangi, unene na ulaini wa kovu, lakini kile cha POSAS (kifupi cha Kiingereza cha kipimo cha kovu cha mgonjwa na mtazamaji) kilichochapishwa mwaka 2004 kina sehemu ya mgonjwa mwenyewe: maumivu, mwasho, rangi, ukakamavu, unene na mabonde ya kovu, kila kimoja kwa alama 1 hadi 10, ambapo 1 ni sawa na ngozi ya kawaida. Ni maswali sita tu, na hata mama aliyemleta mtoto aliyemwagikiwa na uji anaweza kuyajibu akiulizwa kwa Kiswahili.

Naziomba kliniki zimuulize mgonjwa kabla ya kuanza anatarajia nini, kisha zimuulize tena miezi michache baadaye, na ziache kumfanya adhani leza itamwondolea mazoezi ya viungo na nguo za kubana kovu.

Mwezi ujao nina miadi ya tano. Nimekwisha kuomba karatasi yao niende nayo nyumbani.

Mkazi wa Umoja,
Nairobi