KUH: FLADILAITI ZA NJE "ZISIZOTAKIWA KUFUNGWA NJE"

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Masharti ya waranti mmeyaandika wenyewe, sina haja ya kuwakumbusha. Nimeambatisha risiti, picha na video. Nakuomba kwa heshima uzitazame wewe mwenyewe, usizirudishe kwa walewale walioziona wakacheka.

Niliagiza fladilaiti za LED za wati 50, bodi nzito ya alumini yenye mapezi mgongoni ya kutolea joto, kiwango cha IP65 cha kuzuia vumbi na maji, na draiva yake kamili, yaani kale kasanduku kanakopooza umeme kabla haujafika kwenye chipu inayotoa mwanga. Yote yamo kwenye oda. Sikubahatisha. Najua zipo za COB, zenye chipu moja kubwa ya njano katikati. Najua zipo za SMD, zenye chipu ndogondogo zilizotawanywa kwenye kibao. Na najua zipo hizi nyembamba zisizo na draiva, ambazo umeme wa ukutani unapigwa moja kwa moja kwenye kibao kilekile cha chipu, na kinga yake ni vijisehemu viwili vitatu vya kubahatisha. Anayezitaka azinunue, ni nyepesi na hazina gharama. Mimi sikuzitaka. Ndizo mlizonifungia, ndani ya boksi lililoandikwa kwamba draiva imo.

Mvua ya kwanza tu, kioo kikaota ukungu kwa ndani. Mvua iliyofuata, taa ikazima. Nikaipeleka kaunta. Kijana wenu akaifungua, maji yakamwagika, akaniambia: "Mama, imeingia maji kwa sababu umeifunga nje."

Ndugu Meneja, hiyo ni fladilaiti. Boksi lenu lina picha ya taa hiyo ukutani na matone ya mvua yamechorwa juu yake! IP65 maana yake, nanyi mnaijua: 6 ni kwamba vumbi halipenyi kabisa, 5 ni kwamba hata ukiirushia maji kwa bomba kutoka upande wowote, haidhuriki. Sikuizamisha kwenye ndoo, maana hapo ningetafuta IP67. Niliifunga ukutani, ikanyeshewa.

Kabla ya hapo nilishapiga simu. Dada aliyepokea hakuniuliza hata namba ya oda, akanishauri nichukue ya sola, "hiyo ni wati 300, mama, utasahau shida." Paneli yake niliiona kwenye tangazo lenu, haizidi karatasi ya A4. Jua la utosini huleta takriban wati 1,000 kwa mita moja ya mraba, na paneli nzuri hunasa kama moja ya tano yake. Kieneo kile hakifikishi hata wati 15. Hizo 300 zinatoka wapi? Kama ni namba ya kupamba boksi, semeni. Mngeandika lumeni, mteja angejua anapata mwanga kiasi gani.

Lakini simu nimeisamehe. La kaunta sijalisamehe, na nalirudia ili lisipite kama jambo dogo. Nilisimama kwenye foleni kama wengine. Kijana akalegeza skrubu nne za nyuma mbele yangu. Maji yakatoka, ya rangi ya kutu, yakatambaa juu ya kaunta. Silikoni ya kuzibia kioo ilikuwa imepakwa pande tatu, upande wa nne mtu alichoka akaacha. Nikamwonyesha kwa kidole. Nikamwonyesha pia kwamba draiva haimo: nyaya mbili zinaingia moja kwa moja kwenye kibao, basi. Akatazama. Akachukua risiti yangu, akafutia yale maji. Risiti yangu! Kisha, kwa sauti ya kusikika na foleni nzima, "Mama, umeifunga nje," na watu wakacheka. Akanirudishia taa mikononi imefunguliwa, skrubu akaziacha palepale, akaita "anayefuata."

(Risiti niliyoambatisha ni ileile. Madoa hayo si yangu.)

Siku ile nilitaka kitu kimoja tu: nibadilishiwe taa iliyokufa. Leo naona hilo halitoshi, kwa kuwa zilizobaki ni za aina ileile na nyingine imeanza kupepesa. Ukiielekezea kamera ya simu inatoa mistari myeusi inayotembea, tazama video. Kwa hiyo nataka zote zibadilishwe kwa zile zilizoandikwa kwenye oda, na fundi wa kuzishusha na kuzipandisha mumlipe ninyi. Na barua ya kuniomba radhi, yenye sahihi yako, si ya kijana.

Hapana. Nimeandika hayo nikajiuliza, taa nyingine kutoka kwenu nitaiaminije? Nirudishieni pesa yangu yote pamoja na gharama za fundi, nanyi mje mchukue taa zenu. Barua ya radhi iko palepale. Nawapa siku 14 kuanzia mtakapopokea barua hii. Zikipita, boksi, taa, risiti yenye madoa na video vinakwenda kwenye mamlaka ya kumlinda mlaji na kwa wanaosimamia viwango vya bidhaa, na huko sitawaita Ndugu.

Wenu,
Mteja (hadi siku hizo 14 zitakapoisha)