Barua kwa mwanangu: usilipe kwanza

Mwanangu,

Ujumbe wako umefika, na barua ya udahili nimeifungua nikaisoma zaidi ya mara moja. Hongera sana. Uzamili wa anthropolojia, mwaka mmoja, Uingereza! Nimemweleza bibi yako, akauliza kama utarudi ukiwa daktari wa kutibu. Nikamwambia utakuwa mtu wa kukaa na watu, kuwasikiliza na kuandika wanavyoishi. Akasema hilo mbona unalifanya siku zote. Amefurahi, na anataka nimsomee tena.

Sasa fungua ukurasa wa pili, chini kabisa, pale wanapodai amana ya kushikilia nafasi. Kwa herufi ndogo wameandika kwamba hairudishwi. Mjomba wako ameniambia umemwomba akudhamini mkopo uilipe kabla mwezi haujaisha. Nimelisikia kwake, si kwako, na limeniuma. Usilipe, mwanangu.

Chuo kimekubali usome, lakini suala la nani atalipa halimo kabisa kwenye barua hiyo. Baada ya amana kuna ada iliyobaki. Kuna viza, na pamoja nayo ada ya huduma ya afya. Halafu ukiomba viza ya masomo, fedha ya ada na ya kujikimu inatakiwa iwe imekaa kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka. Ukishakopa amana, hiyo ya siku 28 utaikopa kwa nani? Mjomba wako ana watoto wanaosoma.

Wengi hufanya ulivyofanya: wanaomba chuo kwanza, wakikubaliwa ndipo wanaanza kuulizia ufadhili, na kumbe milango imeshafungwa. Chevening, ambayo hulipia uzamili wa mwaka mmoja hukohuko Uingereza, hufungua dirisha mwezi Agosti na kulifunga Oktoba au Novemba, kwa masomo ya Septemba ya mwaka unaofuata. Unachagua kozi 3, na hii uliyoipata inaweza kuwa mojawapo. Wanataka uzoefu wa kazi wa saa 2,800, yaani kama miaka miwili, na kazi za muda na za kujitolea zinahesabika. Zile kazi zako za kukusanya takwimu kwa mkataba mfupi mfupi, ambazo unazionea aibu kuziita kazi, ziorodheshe zote pamoja na saa zake. Wanataka pia ukimaliza urudi nyumbani ukae miaka 2. Sharti hilo mimi sina ugomvi nalo.

Kwa hiyo waandikie chuo leo, kwa adabu, uwaulize kama nafasi inaweza kuahirishwa hadi mwakani. Vyuo vingi vinakubali. Wakikataa utaomba upya, na maombi ya pili yatakuwa mazuri kuliko haya. Lakini usilipe.

Tena usiiangalie Uingereza peke yake. Kuna programu za Erasmus Mundus, unasoma katika nchi zaidi ya moja za Ulaya. Ukipata ufadhili wao ada imelipwa na posho ni yuro 1,400 kwa mwezi. Nyingi hufunga maombi kati ya Oktoba na Januari. Ujerumani vyuo vingi vya umma havitozi ada ya masomo, ila jimbo la Baden-Württemberg linawatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula. Wasikwambie tu ni bure, maana kupata viza wengi hutakiwa kuonyesha akaunti maalumu yenye yuro 11,904 za mwaka mzima. Norwei waliokuwa wanaisifia kwa kutotoza ada walianza kuwatoza wageni wanaotoka nje ya Ulaya mwaka 2023. Marekani nako mambo yamegeuka: uzamili wa fani hizi mara nyingi unajilipia, ilhali uzamivu idara nyingi zinampokea mwenye shahada ya kwanza, zinamsamehe ada na kumlipa posho kwa miaka kadhaa huku anafundisha wanafunzi wa shahada ya kwanza. Fikiria kama uko tayari kwa safari ndefu namna hiyo. Wenner-Gren uliyonitajia, ile taasisi inayofadhili utafiti wa anthropolojia, iache kwanza, ruzuku yao ya utafiti wa uwandani ni ya wanafunzi wa uzamivu. Na wakala yeyote atakayekudai fedha akupatie ufadhili, mkimbie. Chevening hawatozi hata senti kupokea maombi.

Jambo la maelezo yako ya dhamira, yale ya kueleza kwa nini unaomba kusoma. Nimeyasoma. Aya tatu umejaza nadharia za wanazuoni wa Kifaransa, walinzi wa usiku uliowaandikia tasnifu umewapa sentensi moja. Kwa nini? Tasnifu yako nimeisoma yote hadi viambatisho, na kilichonibakia kichwani ni yule mlinzi aliyekwambia anawajua watoto wake wakiwa wamelala tu, kwa sababu akirudi asubuhi wameshaondoka na jioni anatoka kabla hawajafika. Ulikaa naye langoni hadi alfajiri ukamsikiliza. Anza na huyo, halafu useme ni swali gani umeshindwa kulijibu na kwa nini unahitaji walimu wa idara hiyo. Nadharia zitafuata. Yale ya kuulizana sosholojia uliyoisoma ina ajira gani tuliyamaliza zamani, mimi siyarudii.

Barua za mapendekezo usiombe wiki ya mwisho. Mwalimu msimamizi wako mpe mwezi mzima, mpelekee matokeo yako, rasimu ya maelezo na tarehe za kufunga, umkumbushe bila kumchosha. Mwaka huu ulimkimbiza, na ndiyo maana barua yake ilikuwa fupi.

Vyeti vyako nimevihamisha kutoka kwenye lile boksi, dari linavuja upande wa chumba chako na fundi anaahidi tu. Daftari za mahojiano hazijalowa, nimezifunga kwenye nailoni. Pasipoti yako nimeikuta humo, inaisha mwakani, anza kuishughulikia sasa. Mdogo wako anatumia kompyuta yako kwa mitihani. Nimemkataza kugusa mafaili yako lakini weka nakala mahali pengine. Yeye naye ana ada muhula ujao, nakuambia ujue tu, si kukulaumu.

Mjomba wako nimemwomba asisaini chochote mpaka tuongee. Nipigie jioni nikiwa nimetoka kazini, tuitafute tarehe ya kila dirisha pamoja, niziandike kwenye kalenda ya ukutani. Na ile amana, mwanangu, usiilipe.

Mama yako