Mlimzimia Mzee Maiki Akiwa Katikati ya Sentensi

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Kampuni ya Studio za Kurekodia,
Kampala.

YAH: KUTOLEWA STUDIO KWA MGENI WANGU NA KUTUMIWA KWA PICHA NA SAUTI YAKE BILA RUHUSA

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Salamu kwako na kwa wote walio ofisini. Ninaandika kwa heshima, na naomba ujue kwamba heshima hii inanigharimu.

Masharti ya kukodi chumba mnayajua kuliko mimi, ninyi ndio mliyaandika. Kipengele cha muda uliolipiwa mnakijua. Kipengele cha wageni wa mteja mnakijua. Sitawafundisha. Nitaeleza tu kilichotokea Jumamosi ile jioni katika chumba chenu kidogo cha ghorofa ya pili, nilipokuwa narekodi kipindi cha podikasti yangu ya Kiswahili.

Mgeni wangu, mpiga gitaa aliyezipigia bendi za Kampala tangu miaka ya 1970, alikuwa anasimulia habari ya kizuizi cha barabarani. Enzi za kafyu walikuwa wakipiga muziki hadi alfajiri, kwa kuwa hakuna mcheza dansi aliyethubutu kurudi kwake usiku. Alfajiri moja akawa anaelekea nyumbani, gitaa mkononi, askari wakamsimamisha. Wakamsemesha Kiswahili. Akawajibu kwa Kiswahili chake cha kuokoteza kwa wanamuziki wa Kongo na Kenya. Askari mmoja akamwambia, "Fungua hilo kasha."

Hapo ndipo alipofika. Mlango ukafunguliwa. Meneja wenu wa zamu akaingia bila hodi, na taa nyekundu ya kurekodi inawaka juu ya mlango, akamwambia fundi mitambo azime. Fundi akasita, namshukuru kwa kusita kwake. Meneja akainama akazima mwenyewe. Kisha akamwendea mzee, mtu wa miaka sabini na kitu, akamvua hedfoni kichwani kwa mikono yake kama mwalimu anayemvua mtoto kofia darasani, akasema: "Mzee, tupishe. Staa amefika."

Hakusema samahani. Hakusema hata "ssebo", yaani "bwana" kwa Kiluganda. Mkurugenzi, hapa ni Buganda, mtu wa umri ule watoto humwamkia wamepiga magoti, na wewe hilo huhitaji kuambiwa na mimi niliyezaliwa Arua.

Muda wetu haukuwa umekwisha. Shilingi 350,000 nilizituma kwa simu kabla ya siku yenyewe, maana ninyi hamfungui mlango kabla pesa haijaingia, na ujumbe wa malipo ninao. Huyo staa simtaji kwa sababu sioni kosa lake. Alikuja na wapambe wake, akakaa mapokezi, na fundi wenu mwenyewe ameniambia hakuomba mtu yeyote atolewe. Kujipendekeza kulikuwa kwenu.

Nilimfuata meneja kwenye korido nikamuuliza ni kifungu gani kinachomruhusu. Akanijibu mbele ya dada wa mapokezi na vijana wa kamera: "Na hicho Kiswahili chenu cha askari nani anakisikiliza Kampala?" Wakacheka.

Historia hiyo naijua. Kiswahili wengi hapa walikisikia kwanza kwa watu wenye bunduki, askari na wezi, na wapo wazee ambao hadi leo wakikisikia usiku nje ya dirisha wanashtuka. Lakini hicho ndicho mgeni wangu alichokuwa anakieleza! Alikuwa anaeleza, kwa Kiswahili, jinsi lugha hiyo ilivyomtetemesha na jinsi pengine ilivyomwokoa, na meneja wenu akamzima ili aje kuniambia jambo lilelile kwa kejeli. Katiba ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya 2005. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Mwanamuziki wetu Jose Chameleone alikiimba mwanzoni mwa miaka ya 2000 na Nairobi nzima ikamfungulia milango. Wasikilizaji wangu wako Arua, Bombo, Jinja, wako Bukoba na Mombasa. Meneja wenu asiwasikilize, hiari yake. Ila asiwazimie.

Na wala haikuwa mara ya kwanza ninyi kugusa kazi yangu. Kabla ya hapo, katika kipindi cha uhakiki wa albamu mpya, nilisema kwamba nyimbo nne zinazofuatana zina mdundo mmoja uliobadilishwa jina, na kwamba msanii anayejaza uwanja halafu akafungua mdomo juu ya sauti yake iliyorekodiwa anawauzia watu tiketi ya kusikiliza redio. Nilieleza pia watangazaji wanavyopewa bahasha ili wimbo upigwe asubuhi, mchana na jioni hadi watu wadhani wanaupenda. Nilipopokea faili kutoka kwa mhariri wenu, sehemu hiyo haikuwemo. Nilipouliza nikaambiwa msanii huyo ni mteja wenu. Nililipia uhariri wa sauti, Mkurugenzi. Uhariri wa maoni sikuuagiza. Nikanyamaza, kwa sababu studio zenye chumba kisichopitisha kelele za boda kwa bei ile ni chache, na ninyi mnalijua hilo vizuri mno.

Msidhani kazi yetu ni kuponda wasanii. Mwimbaji wetu Eddy Kenzo alipochukua tuzo ya BET ya Marekani mwaka 2015 sisi hatukuwa na podikasti, lakini tumemrudia baadaye na kuchambua kwa nini wimbo wa lugha ambayo dunia haiijui unaweza kuichezesha dunia. Afrigo Band, iliyoanza 1975, tuliipa kipindi kizima, tukasikiliza saksafoni ya Moses Matovu na kuuliza vijana wa leo wameikosa wapi pumzi hiyo. Na tulimzungumzia mwanamuziki Philly Lutaaya, aliyerudi kutoka Sweden mwaka 1989 akasimama mbele ya umma kusema ana virusi vya UKIMWI, wakati ambapo watu walikuwa wakificha hata jina la ugonjwa, akafariki Desemba ya mwaka huohuo. Nyimbo zake za Krismasi bado zinapigwa kila Desemba na wengi wanaozicheza hawamjui.

Kipindi hicho cha Lutaaya ndicho kilichomleta mgeni wangu. Alikuwa amewakatalia wanahabari miaka mingi. Alinipigia mwenyewe akasema, "Mwanangu, nimekusikia. Wewe unamwacha mtu amalize." Nikamwahidi nitamwacha amalize. Nikampeleka kwenu.

Sasa nifike kwenye video. Nilikuwa nimewaandikia barua pepe kwa upole, bila jibu, ndipo jamaa mmoja akanitumia klipu kutoka ukurasa wenu. Kumbe kamera ya chumbani haikuzimwa. Mmekata kipande cha tukio lile, mzee akishangaa, mkaweka sauti za vicheko juu yake, na maneno ya Kiluganda ya kumfanya kichekesho cha babu aliyepotea njia akaingia studio. Wajukuu wake wameiona. Jirani zake Kawempe wameiona. Mimi nimeitazama mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri, na imenionyesha ambayo siku ile sikuyaona, kwa kuwa nilikuwa namtazama meneja.

Basi nayarudia. Mzee anasema, "Akaniambia, fungua hilo kasha." Ameinua mkono wa kushoto, vidole vimekunjwa kama vimeshika shingo ya gitaa. Mlango unafunguliwa nyuma yake, hageuki, anadhani ni mtu wa chai. Maiki inazimwa na yeye bado anasema, midomo inacheza, hajui hasikiki. Mikono ya meneja inatokea pande zote mbili za kichwa chake na hedfoni zinaondoka. Mkono wa mzee unabaki hewani. Anamtazama meneja, halafu mimi, na anasema neno ambalo vicheko vyenu havikulifunika lote: "Nimekosea nini?" Na meneja wenu, kabla ya kuziweka hedfoni mezani, anachukua karatasi laini na kuzifuta. Anazifuta, Mkurugenzi! Mbele ya macho ya mwenye masikio yaliyokuwa ndani yake. Kisha anazipanga kwa ajili ya staa.

Hilo la kuzifuta ndilo mlilolipamba kwa vicheko vikubwa zaidi.

Nimemwendea mzee nyumbani kwake. Nilimwomba amalizie masimulizi hata kwa simu yangu ya mkononi, pale barazani, bila mitambo. Alinikaribisha chai, akaniuliza habari za wazazi wangu, na habari ya kizuizi akaikataa kabisa. "Wape hao vijana nafasi yao," akasema. Kwa hiyo mimi, na wasikilizaji wangu, na nchi hii ambayo wapiga gitaa wa umri wake wanahesabika, hatujui alipofungua kasha kilitokea nini.

Katika barua pepe yangu ya kwanza niliomba kurudishiwa shilingi 350,000 na kuombwa radhi. Ombi hilo nililitoa kabla sijaiona klipu. Limekwisha muda wake.

Ninachodai sasa ni hiki. Klipu iondolewe leo, kila mahali mlipoipandisha. Nikabidhiwe faili ghafi zote za siku ile, za sauti na za video, nanyi msibaki na nakala. Fedha zangu zirudi zote, pamoja na za kile kipindi mlichokikata. Meneja wa zamu aende Kawempe kwa miguu yake, aongozane na mtu mzima mwenye mvi kutoka kwenu, akamwombe mzee radhi kwa lugha ambayo mzee ataichagua, na kama atachagua Kiswahili, meneja atafute wa kumfundisha kabla hajaondoka. Radhi hiyohiyo isomwe kwenye ukurasa uleule mliocheka, ikae hapo kwa muda uleule klipu ilipokaa.

Na nilipofika hapa nimeona kwamba hayo ni yangu tu. Mzee naye alipwe fidia, kiasi akiseme yeye. Hakutia saini karatasi yoyote yenu. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inahusu uso na sauti yake, na Sheria ya Hakimiliki ya 2006 inahusu kazi yangu mliyoikata na kuipotosha. Mwanasheria wenu atawaeleza mengine, ikiwa mnaye.

Ninawapa siku 14. Zikipita, nitafungua shauri la madai madogo, ambalo kwa dai lisilozidi shilingi milioni 10 halinihitaji kuajiri wakili, na la mzee litafuata njia yake kubwa zaidi. Nitapeleka malalamiko kwenye ofisi ya ulinzi wa data. Na nitarusha kipindi: dakika zote tulizorekodi hadi sauti inapokatika, kisha kimya cha muda wote uliobaki niliokuwa nimeulipia, kisha jina la kampuni yenu, anwani yenu na bei zenu. Hicho hamtakihariri. Wenzangu wenye podikasti hapa mjini wanafahamiana, na wengi wao ni wateja wenu.

Jibu lije kwa maandishi na saini yako wewe Mkurugenzi. Meneja wenu asinipigie simu.

Wako,
Mtangazaji na mmiliki wa podikasti,
Ntinda, Kampala.

Nakala: Mgeni wangu, Kawempe.