Mwambie Athumani Asije Jumamosi

Tanga, 12 Novemba

Shoga yangu Mwanaidi,

Assalaam aleikum. Sisi wazima, salamu nyingine jijazie mwenyewe, maana basi la Pangani linaondoka saa nane na kijana wa Bi Zena kasimama mlangoni ananikodolea macho. Simu yangu ilitumbukia kwenye ndoo ya maji, tangu juzi imo ndani ya mchele. Ndiyo maana unauona mwandiko wangu baada ya miaka yote hii.

Neno lenyewe ni moja: mwambie Athumani asije Jumamosi. Najua yuko hapo kwako anakupakia rangi vyumba vya uani, na najua mimi ndiye niliyemsumbua aje haraka. Sasa asije.

Kisa ni chozi, yule ndege mdogo. Mwanzoni mwa mwezi wa kumi jike alianza kujenga kiota kwenye waya wa taa ya barazani, ile taa uliyoniambia inaning'inia vibaya. Kajenga peke yake. Dume, yule wa kijani kinachometameta na mkanda wa zambarau kifuani, yeye kazi yake ilikuwa kuimba juu ya mkomamanga na kufukuza madume wenziwe. Simtaji mtu. Jike akawa anaingia mpaka jikoni kuchukua utando wa buibui darini, ule ule niliomgombeza Saumu kwa kutoufagia, anafungia nyasi na majani makavu. Kikatoka kifuko chenye tundu ubavuni, ukikiona utasema takataka zimenasa kwenye waya. Nusura nikipige fagio mwenyewe.

Kaatamia kama wiki mbili, kichomozacho nje ni mdomo tu. Taa hatuwashi tangu hapo. Mzee anacheza bao na Mzee Kibwana kwa tochi, na kila akifungwa anasema ni kwa sababu ya ndege wangu. Juzi kasema chozi huyu atatutoa machozi.

Makinda ni wawili, leo wana siku tisa. Walipototolewa walikuwa uchi, vipofu, ukubwa wa njugu mawe. Sasa manyoya yanachipua. Mimi nilidhani wanalishwa maji ya maua, kumbe mama yao analeta buibui na viwavi vidogo, na vuli hii wadudu hawana idadi. Siku hizi hata dume analeta, mara moja moja, na akileta anataka wote tumwone. Na lililonishangaza zaidi, usicheke: kinda akijisaidia, choo kinatoka kimefungwa kama ndani ya kifuko cheupe, mama anakibeba mdomoni anakwenda kukitupa mbali. Nimelea watoto watano, hakuna aliyenifanyia wepesi huo.

Sasa kunguru. Hawa walioletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890 eti wale taka, na leo taka zimejaa sokoni wao wanawinda watoto wa wenzao. Kuna mmoja anakuja ukutani kila saa nne, anainamisha kichwa, anatazama ule waya. Mimi nimekaa na fagio. Sufuria mbili za maharage zimeungua wiki hii, na ya pili nimeificha.

Athumani aliniambia, kabla simu haijaoga, "Mama, hicho kiota nitakichomoa taratibu nikitundike kwenye mpapai." Taratibu! Chozi atarudi pale kwenye waya, si kwenye mpapai. Atazunguka na buibui lake mdomoni hapo penye rangi mbichi. Na wewe Mwanaidi unajua kwa nini siwezi. Wale wa kwenye mwembe wa shule, tuliowatia katika boksi la viatu tukawalisha ugali. Wewe ulisema wamelala. Asubuhi ile nilipofunua...

Basi. Wageni wa posa ya Saumu wanakuja tarehe 24. Nikihesabu, makinda wataruka kama tarehe 18 au 19. Athumani akija tarehe 20, baraza anaimaliza kwa siku mbili na harufu inatoka kabla watu hawajafika. Ukuta wa nje asiuguse kama muda hautoshi, hakuna anayeposa ukuta.

Je, hajachukua kazi nyingine wiki hiyo? Ile arbuni elfu hamsini niliyompa bado anayo, au ndiyo nisiulize? Na wewe utakuja lini, kabla ya wageni au nao? Rukia kajifungua? Mbona hukuniambia mguu wa mama unaendeleaje? Na huko kwako kunguru wapo wengi, au wote wamehamia kwangu? Mwanaidi, yule kinda wako wa boksi, yule mwenye jicho moja, ulimzika wapi? Sikuwahi kukuuliza.

Kijana anagonga sasa. Nijibu kwa konda wa asubuhi.

Wako,
Mishi

Nimesahau: Athumani akija huku aseme alikuwa anaumwa homa. Ndivyo nilivyomwambia Mzee.