Ombi la mchoro

Mpendwa Zuhura,

Habari za masiku? Sisi wazima. Mwanaidi kajifungua salama, mengine atakusimulia mwenyewe. Nakuandikia mbio kwa sababu nina ombi, na sina mwingine wa kumwomba ila wewe na kalamu zako.

Nataka watoto wa darasani waone kipepeo mkubwa kuliko wote na mmoja wa sisimizi wadogo kabisa kwenye karatasi moja ya A4, kila mmoja kwa ukubwa wake halisi. Kipepeo ni yule wa Malkia Alexandra, wa Papua New Guinea. Jike akikunjua mabawa hupita sentimita 25, wengine hukaribia 28, kwa hiyo ulaze karatasi la sivyo hatoshi. Albert Meek, mkusanya wadudu, alipompata wa kwanza mwaka 1906 alimtungua kwa bunduki!

Sasa sisimizi. Nimemchagua wa jenasi ya Carebara, ambamo wamo vibarua wa milimita 1 tu. Wapange 250 mstari mmoja, ndipo wafike toka ncha ya bawa hadi ncha ya pili. Hapo ndipo roho inaponiuma: ukimchora alivyo, watoto watadhani wino umedondoka. Na nukta hiyo ina miguu sita, taya, kiuno cha vifundo viwili, na vipapasio vilivyopinda kama kiwiko! Nikafikiri umchore mara mbili, nukta yenyewe, halafu pembeni duara lenye sisimizi yuleyule aliyekuzwa. Ila asiwe mkubwa sana, maana...basi, utaona mwenyewe.

Kipepeo naye ananitia huruma kwa ukubwa wake wote. Anaishi Jimbo la Oro tu, na kiwavi wake hula mmea utambaao wa jamii ya Aristolochia, hataki mwingine. Mlima Lamington ulipolipuka mwaka 1951 uliteketeza sehemu kubwa ya msitu wake, kisha mashamba ya michikichi yakala sehemu ya uliobaki. Mmea huo uutie hata kwa mstari mwembamba, lakini usimfunike sisimizi. Huyo ndiye ninayemhofia zaidi.

Je, nukta ya milimita 1 itaonekana karatasi ikitolewa nakala? Jike ni wa kahawia; utatumia rangi ya maji au penseli? Dume mwenye buluu na kijani tumwache? Na lini utapata nafasi? Bibi anaendeleaje na goti?

Wako,
Rehema