Godauni la kufunga nati nalo linataka kibali

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako nitoe la moyoni maana hii inshu imetuchosha sisi tunaochomelea na kusimamisha magodauni ya chuma huku Dar na Pwani. Mteja anakuja na picha kwenye simu, anauliza skwea mita moja bei gani, ukimuuliza habari ya kibali anacheka, anakwambia kibali cha nini fundi wakati hili ni la kufunga nati tu, wakinisumbua nafungua nahamia kwingine.

Hiyo kauli ndiyo inamaliza watu. Sheria ya Mipangomiji ya 2007 haijasema jengo mpaka liwe la tofali. Yenyewe inaongelea uendelezaji wa ardhi, yaani ukisimamisha kitu juu ya ardhi, au hata ukibadilisha tu matumizi ya kilichopo bila kugusa ukuta, umeshaendeleza, na kama uko ndani ya eneo la mipangomiji unatakiwa uwe na ruhusa ya halmashauri kabla hujaanza. Sasa nati na boliti zinakuokoaje hapo?

Halafu watu wanaanzia mwisho. Wanakimbilia chuma kwanza, dola isije ikapanda, mzigo unashushwa saiti, ndio wanakumbuka kuuliza. Mimi nawaambia nileteeni hati kabla ya kitu chochote, maana kwenye hati kuna sehemu imeandikwa matumizi ya kiwanja na hapo ndipo kesi yote ilipo. Kama imeandikwa makazi, godauni la kuhifadhia simenti au karakana ya kuchomelea haliingii hata likiwa zuri vipi, ramani yako itakwama kwa afisa mipango miji kabla injinia hajaifungua. Itabidi uombe kwanza kubadilisha matumizi, na hilo ni zoezi lenye wenyewe: barua kwa mkurugenzi, nakala ya hati, risiti za kodi ya ardhi zisiwe na deni, tangazo ili majirani wenye pingamizi waseme, kisha kikao cha kamati. Majirani wanapinga kweli na mara nyingi wana haki, nani anataka grainda ipige kelele usiku dirishani kwake na malori ya semi yaharibu kabarabara ka mtaa walikochangishana kuweka kifusi? Na wale wenye mkataba wa mauziano wa serikali ya mtaa kwenye eneo ambalo halijapimwa, mhuri wa mwenyekiti unaonyesha ulinunua kwa nani, haukupi ruhusa ya kuweka kiwanda.

Kuna na wanaojenga kwenye hifadhi ya barabara. Tulioshuhudia bomoabomoa ya Kimara mwaka 2017 tunajua hifadhi ya mita 121.5 kila upande wa barabara ya Morogoro maana yake nini. Mto na bahari ni hivyo hivyo, hutakiwi kujenga ndani ya mita 60 kwa sheria ya mazingira ya 2004, na bado watu wanaweka mabanda ya chuma kingoni kwa sababu kiwanja kilikuwa cha bei poa.

Sasa kwa wale wanaosema kibali ni njia ya kula hela tu. Sibishi kwamba zipo gharama, unalipa msanifu aliyesajiliwa, unalipa injinia aliyesajiliwa na bodi yake, jengo la biashara likiwa kubwa Zimamoto nao waione ramani, na kama ni kiwanda NEMC wa mazingira na OSHA wa usalama kazini wako pale. Inauma. Lakini chuma kina mambo yake ambayo fundi wa kubahatisha hayaoni. Godauni ni jepesi, bati pana limetandazwa juu, upepo ukiingia kwenye mlango mkubwa wa mbele unalisukuma paa kwenda juu, kwa hiyo msingi wa godauni unahesabiwa kwa kulishikilia jengo lisinyanyuke, sio kwa kubeba uzito peke yake. Nimeona watu wanachimba vishimo vifupi wanamwaga zege kidogo wanazika boliti fupi, eti jengo lenyewe si zito! Na moto je, watu wanadhani chuma hakiungui. Hakiungui sawa, ila kikifika kama nyuzi joto 600 kinakuwa kimepoteza nguvu karibu nusu, trasi, yaani vyuma vinavyobeba paa, zinalegea na paa linashuka wakati watu wanahamisha mali. Ndio maana Zimamoto wanauliza milango ya dharura iko wapi na gari lao litapita wapi, na wewe umejenga mpaka mwisho wa mpaka, maji ya paa lako yanamwagikia jikoni kwa jirani.

Ila Mhariri nisiwaonee wananchi peke yao. Mteja wangu mmoja alisimamisha godauni pembeni kabisa ya barabara, nguzo zinaonekana, trasi zinaonekana, maafisa wa halmashauri wanapita na gari lao kila siku. Hakuna aliyeshuka. Bati lilipomalizika kupigwa ndio wakaja na rangi nyekundu wakachora X ya kubomoa, kiwanja kumbe ni makazi. Alikosea sana na nilimwambia mapema, nikakataa kazi akatafuta mwingine, lakini wangemsimamisha kwenye msingi angepoteza zege na vibarua tu, saa hizi anauza chuma kwa bei ya skrepa.

Na hata ukiwa nacho kibali, bila mtu wa kukagua hakina maana. Lile ghorofa la mtaa wa Indira Gandhi, Dar, lililoanguka Machi 2013 likaua watu 36, lilielezwa kuwa na kibali cha ghorofa 10 na lilikuwa limefika 16. Hizo sita ziliota usiku?

Ninachoomba kwa halmashauri ni vitu vya kawaida tu. Ramani ya mipango miji ya eneo ibandikwe kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, mtu ajue kabla hajanunua kiwanja kwamba huku ni makazi na kule ni viwanda. Maombi siku hizi yanapitia mfumo wa mtandaoni wa TAUSI, vizuri, basi faili likikwama mtu ajibiwe limekwama kwa nini, kimya ndicho kinawafanya watu wajenge Jumamosi na Jumapili. Na mkaguzi aje siku ya kumwaga msingi wakati boliti bado zinaonekana, azipime urefu, zege likishazifukia hana tena cha kukagua.

Fundi vyuma,
Kibaha